Haba na Haba Hujaza Kibaba. Lakini Kibaba ni cha Nani?

Tarehe 13 Machi 2013, watazamaji wa televisheni katika nchi ya Marekani waliombwa jambo lisilo la kawaida. Waliombwa watoe fedha mifukoni mwao ili mchezo waliokuwa wakiupenda, ambao ulikuwa umefutwa mwaka 2007, upate kurudi katika umbo la filamu. Kiasi kilichotakiwa kilikuwa dola milioni 2, nacho kilitakiwa kipatikane katika muda wa siku 30. Kilipatikana siku hiyo hiyo ya kwanza. Siku 30 zilipotimia, watu 91,585 walikuwa wamechanga jumla ya dola 5,702,153.

Mtu asikiapo habari hiyo kwa mara ya kwanza huenda akacheka, akasema kwamba huo ni upuuzi wa watu wenye fedha nyingi na kazi chache. Lakini ukiigawanya jumla hiyo kwa idadi ya wachangaji, utaona kwamba kila mmoja alitoa wastani wa dola 62 hivi. Hayo si matoleo ya matajiri. Ni matoleo ya watu wa mshahara. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini, hasa na sisi ambao tumezoea kuchangiana katika msiba, katika harusi na katika ada za watoto. Ndani yake yamo mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa na watu wa kila nchi, nayo ni kutoa zawadi, kununua kitu, na kuwa na hisa katika kitu.

JINSI MCHEZO UNAVYOKUFA

Kwanza hatuna budi kufahamu kwa nini mchezo unaopendwa na watu hufutwa. Katika televisheni ya biashara, kama zilivyo stesheni kubwa za Marekani, mtazamaji si mnunuzi. Mnunuzi ni mwenye kiwanda cha sabuni, cha magari au cha dawa ya meno, ambaye hulipia matangazo yake yatiwe katikati ya mchezo. Kinachouzwa kwake ni macho ya watazamaji. Macho yakiwa mengi, bei hupanda. Yakipungua, bei hushuka, na hapo ndipo wakubwa wa stesheni huuliza kama kipindi kile hakiwezi kutumika kwa jambo jingine lenye faida zaidi.

Tena mara nyingi stesheni inayouonyesha mchezo si yenye kuumiliki. Kampuni moja huutengeneza na kubaki na haki zake zote. Kampuni nyingine hulipa ili iuonyeshe. Mchezo ukifutwa, hakuna anayeuchoma moto. Maandishi, majina ya wahusika na filamu zilizokwisha kupigwa huendelea kuwa mali ya mtengenezaji, zikiwa zimefungiwa kabatini. Kwa hiyo mpenzi wa mchezo anayetaka urudi huwa na milango miwili ya kubisha: mlango wa mwonyeshaji na mlango wa mmiliki. Yeye mwenyewe hana ufunguo wa mlango wowote.

KARANGA TANI 20

Kabla ya mwaka 2009, silaha ya mtazamaji ilikuwa ni maombi. Mchezo wa Star Trek, ulioanza mwaka 1966 katika stesheni ya NBC, ulipovumishwa kwamba utafutwa, wapenzi wake waliandika barua kwa wingi mno. Mwezi Machi 1968 stesheni hiyo ikatangaza hewani kwamba mchezo utaendelea. Ushindi ule ulidumu mwaka mmoja tu. Msimu wa tatu uliwekwa usiku wa Ijumaa, saa ambayo vijana wengi hawako nyumbani, na mwaka 1969 Star Trek ikafutwa.

Kisa cha pili kitawavutia hasa wasomaji wetu walio katika majeshi. Mwezi Desemba 1944, Jenerali Anthony McAuliffe wa Marekani alizingirwa na Wajerumani katika mji wa Bastogne, nchini Ubelgiji. Alipoletewa barua ya kumtaka asalimu amri, alijibu kwa neno moja tu la Kiingereza ambalo hutumika kwa karanga na jamii zake, lakini katika mazungumzo ya mitaani lina maana ya kukataa kwa dharau. Mwaka 2007 mchezo wa Jericho, uliohusu mji mdogo wa Kansas baada ya mabomu ya atomiki kuiangamiza miji mikubwa, ulifikia mwisho wa msimu wake wa kwanza kwa shujaa wake kulitamka neno lile lile la jenerali. Stesheni ya CBS ilipoufuta mchezo huo, watazamaji walichangiana fedha wakanunua karanga, wakazipeleka katika ofisi za stesheni. Zilifika tani 20 na zaidi.

Wakubwa wa CBS walisalimu amri. Waliagiza sehemu saba mpya, ambazo zilionyeshwa mwanzoni mwa mwaka 2008, kisha mwezi Machi mwaka huo huo wakaufuta mchezo kwa mara ya pili.

Zingatia jambo hili. Fedha za watazamaji zilikwenda kwa muuza karanga. Hazikulipia hata siku moja ya kazi ya mpiga picha. Watu walionyesha kwamba wako tayari kutoa, lakini palikuwa hapana kapu la kutilia sadaka yao.

BINTI WA MKUU WA POLISI

Kapu hilo lilipatikana mwaka 2009, wakati kampuni iitwayo Kickstarter ilipoanzishwa katika mji wa New York. Kazi yake ni kuwakutanisha, kwa njia ya intaneti, watu wenye kusudi na watu wenye vijisenti vya kuchangia. Mwanzoni waliokuja walikuwa wachoraji, wanamuziki na watengenezaji wa filamu ndogo ndogo. Aliyekuja na mchezo mkubwa wa televisheni alikuwa Rob Thomas, mtungaji aliyepata kuwa mwalimu wa shule za sekondari katika jimbo la Texas.

Mchezo wake uliitwa Veronica Mars. Ulianza kuonyeshwa mwaka 2004, ukaendelea kwa misimu mitatu na sehemu 64. Ni habari za msichana wa shule katika mji wa kubuniwa uitwao Neptune, jimbo la California. Baba yake alikuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo, ambaye huko huchaguliwa kwa kura. Rafiki mpenzi wa msichana anapouawa, sherifu anamshuku baba wa marehemu, tajiri mkubwa wa mji. Wenyeji wanakasirika, wanampigia kura ya kumwondoa kazini, na mkewe anamkimbia. Baba anafungua ofisi ndogo ya upelelezi wa kujitegemea, na binti, akitoka shuleni, humsaidia kutafuta ukweli. Kila mtu aliyezaliwa katika nyumba ya askari ataelewa kwa nini habari kama hiyo iligusa mioyo: mzazi anatenda wajibu wake, na gharama yake inalipwa na nyumba nzima.

Hata hivyo watazamaji hawakuwa wengi wa kutosha. Mwaka 2007 stesheni ya CW iliufuta mchezo. Wapenzi wakapeleka maelfu ya chokoleti za Mars, kwa sababu ya jina la ukoo wa msichana yule, lakini safari hii chokoleti hazikufua dafu. Thomas alitaka atengeneze filamu ya kumalizia hadithi. Kampuni ya Warner Bros., yenye haki za mchezo, haikuona faida. Baada ya miaka kadhaa yeye na mwigizaji mkuu, Kristen Bell, walikubaliana na kampuni hiyo: umma ukionyesha kwa fedha kwamba unaitaka filamu, Warner Bros. itaruhusu itengenezwe, nayo itabeba kazi ya kuitangaza na kuisambaza. Kutokana na mapatano hayo ndipo likaja ombi la mwezi Machi 2013.

MASHARTI YA KAPU

Utaratibu wa Kickstarter una sharti moja ambalo wachangishaji wengi duniani wangefaidika kuliiga. Mwenye kuomba hutaja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho. Kiasi hicho kisipotimia, hakuna anayekatwa hata senti moja. Kikitimia, kila aliyeahidi hukatwa alichoahidi. Kwa njia hiyo mchangaji hujilinda na balaa la mchango uliofika nusu: fedha zimekwisha kuliwa, na jengo limebaki msingi.

Kampuni nayo haifanyi kazi ya hisani. Huchukua asilimia 5 ya jumla, ambayo kwa Veronica Mars ni yapata dola 285,000, mbali na ada za kuhamisha fedha. Halafu huja gharama za kuwalipa wachangaji fadhila zao. Aliyetoa dola 10 aliahidiwa maandishi ya filamu. Aliyetoa 25 aliongezewa fulana. Aliyetoa 35 aliongezewa nakala ya filamu kwa njia ya intaneti. Na wa 50 aliongezewa diski. Mtu mmoja alitoa dola 10,000 ili apewe nafasi ya kutamka maneno machache ndani ya filamu akiwa mhudumu wa hoteli ya chakula. Fulana hushonwa, diski hufungwa, na vifurushi hulipiwa stempu. Yote hayo hutoka katika kapu lile lile. Kwa hiyo dola milioni 5.7 zilizotangazwa magazetini hazikuwa dola milioni 5.7 zilizofika mbele ya kamera.

Filamu ilipigwa katikati ya mwaka 2013, ikatolewa tarehe 14 Machi 2014, mwaka mmoja na siku moja tangu ombi kutolewa. Ahadi kubwa, basi, ilitimizwa, na jambo hilo halina budi kusifiwa.

WALICHOPATA NA WASICHOPATA

Lakini hesabu ya nyumba haiishii kwenye sifa. Hebu tuwaulize wachangaji wale 91,585 walikuwa nani katika filamu ile.

Wenye hisa hawakuwa. Sheria iliyotiwa sahihi nchini Marekani mwezi Aprili 2012 ilikuwa imefungua njia ya mtu wa kawaida kununua hisa ndogo ndogo kwa uchangishaji wa namna hii, lakini kanuni zake zilianza kutumika mwezi Mei 2016. Mwaka 2013 mtu angeweza kutoa dola 10,000 na asidai hata senti ya faida. Filamu ilibaki kuwa mali ya Warner Bros. Katika majumba ya sinema ilipata kiasi cha dola milioni 3.5, mapato ya kiasi tu. Lakini hata kama yangekuwa mara kumi, mchangaji asingepata mgao.

Je, walikuwa wanunuzi? Kwa sehemu, ndiyo, maana waliahidiwa vitu. Hapo pia palikuwa na mkwaruzo. Siku filamu ilipotoka, wengi walikuta kwamba nakala yao ya intaneti inapatikana kwa njia moja tu iliyochaguliwa na kampuni, nayo iliwasumbua. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilikubali kuwarudishia fedha wale walioamua kuinunua kwingine. Tena ghala la intaneti lililotunza haki ya nakala hizo, lililoitwa UltraViolet, lilifungwa mwezi Julai 2019. Mwenye diski alibaki na diski yake. Mwenye nakala ya hewani alilazimika kutegemea huruma ya ghala jingine.

Mwezi huo huo wa Julai 2019 ulileta pigo jingine. Kampuni ya Hulu ilitoa msimu mpya wa Veronica Mars wenye sehemu nane, na katika sehemu ya mwisho mtungaji alimuua mchumba wa Veronica kwa bomu, saa chache baada ya ndoa yao. Wapenzi wengi walighadhibika. Mapenzi ya wawili wale ndiyo yaliyokuwa yamewafanya baadhi yao watoe fedha mwaka 2013. Thomas alijitetea kwamba hadithi ya upelelezi haiwezi kusonga mbele ikifungwa na mambo ya unyumba. Kama alifanya vyema au vibaya, tuwaachie wahakiki. Lililo wazi ni kwamba alikuwa na haki ya kuamua, na waliochanga hawakuwa nayo. Zawadi yao ilimfufua mgonjwa. Haikuwapa madaraka ya kumchagulia maisha.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli. Lakini kabla ya kutia haba yako, ni vyema uulize kibaba ni cha nani.

KISIMA KIKICHOTWA TENA NA TENA

Kisa cha mwisho kinaonyesha kwamba hata moyo wa ukarimu una kikomo. Mwaka 1988 stesheni ndogo ya KTMA, katika eneo la mji wa Minneapolis, ilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha uitwao Mystery Science Theater 3000. Mtu mmoja amefungiwa katika chombo angani pamoja na maroboti, analazimishwa kutazama filamu mbovu, nao wanajiliwaza kwa kuzifanyia mzaha mwanzo hadi mwisho. Watazamaji walikuwa wakirekodi mchezo huo katika kanda na kupeana. Ulifutwa mwaka 1999.

Mwaka 2015 mwanzilishi wake, Joel Hodgson, aliomba dola milioni 2 kwa sehemu tatu tu, akaeleza waziwazi ni sehemu ngapi zingeongezeka kila kiasi kingepanda. Watu zaidi ya 48,000 walichanga dola milioni 5.76 kwa Kickstarter, wakaipita rekodi ya Veronica Mars, na pamoja na nyongeza nyingine zikatengenezwa sehemu 14. Kampuni ya Netflix ilizionyesha mwaka 2017, ikalipia msimu mmoja zaidi mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikaacha.

Mwaka 2021 Hodgson alirudi kwa umma. Safari hii hakuomba fedha za michezo peke yake; aliomba pia za kujenga ukumbi wake mwenyewe katika intaneti, ili asitegemee tena hisani ya stesheni ya mtu. Zilipatikana karibu dola milioni 6.5, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 2022. Hatua hiyo ilikuwa ya busara: badala ya kununua samaki, walinunua wavu. Lakini mwaka 2023 waliponyoosha tena mkono kuomba dola milioni 4.8 za msimu uliofuata, kiasi hakikutimia, na mpango ule ukasimamishwa. Watu walikuwa bado wanaupenda mchezo wao, ila bei ya maisha imepanda kote duniani, na kisima kikichotwa kila mara bila kuachwa kijae, mwisho ndoo hutoka na matope.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Je, tuwaite watazamaji wale wajinga? La, hasha. Mtu aliyetoa dola 35 akapata maandishi, fulana na filamu ambayo isingekuwako bila yeye, hakuibiwa. Alinunua furaha, na furaha ina bei yake. Tena alifanya jambo ambalo barua za 1968 na karanga za 2007 hazikuweza: alilipia kazi yenyewe. Aliyekosea ni yule aliyetoa zawadi huku moyoni akiamini kwamba amenunua hisa.

Kwetu sisi michango haiishi. Baba huletewa kadi ya harusi kazini, mama huletewa daftari la kikundi nyumbani, na kijana huletewa ujumbe katika simu akiombwa asaidie kurekodi nyimbo au kutengeneza filamu. Kukataa kila kitu ni uchoyo, na kukubali kila kitu ni kuwanyima watoto chakula. Kwa hiyo kabla fedha hazijatoka, baba na mama waketi pamoja, waulize maswali manne.

La kwanza: hii ni zawadi, ni ununuzi, au ni hisa? Kama ni zawadi, toa kiasi ambacho hutakililia kikipotea. Kama ni ununuzi, dai ujue utapata kitu gani na lini. Kama ni hisa, pawe na maandishi yenye jina lako.

La pili: kiasi kisipotimia, fedha zitarudi? Mchangishaji asiye na jibu la swali hilo bado hajajiandaa kuchangisha.

La tatu: kitu kikikamilika kitakuwa mali ya nani, na nani atakuwa na neno la mwisho juu yake?

La nne: baada ya mchango huu kuna mwingine? Maana anayejenga kitu cha kujitegemea huomba mara chache, na asiyejenga huomba kila msimu.

Maswali hayo hayamvunjii mtu heshima. Mwenye nia njema huyajibu bila kukunja uso, na fedha anazopewa baada ya kuyajibu hutolewa kwa moyo mweupe. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kutoa jibu, na fedha za ada na zikae pale pale zilipo.